Kipande cha Nyama Kwenye Gari la Mafunzo

Asubuhi ile mwalimu wa udereva alikuwa uwanjani akimfundisha wifi yake kurudi nyuma katikati ya matairi mawili chakavu. Wifi alikuwa ameshayagonga yote mawili na kuulaumu usukani. Akarudisha gari tena, safari hii akakanyaga breki ghafla.

"Wifi, kuna abiria kiti cha nyuma."

Mwalimu akageuka. Kilikuwa kile kipande cha nyama kilichotolewa kwenye titi lake kwa sindano, bado kimo ndani ya bonge lake la nta la maabara, kinanuka mshumaa uliozimwa. Alikitambua mara moja, maana kilikuwa na kimbelembele kama mwenyewe.

"Mwambie afunge mkanda," akasema.

Hakuwa na haki ya kushangaa. Miaka yote hiyo anawafokea watu watazame vioo, na uvimbe ukakua hadi saizi ya limau mbele ya kioo chake mwenyewe cha chumbani, yeye akijipaka poda. Mwalimu hodari kweli kweli!

Kipande kilieleza kwamba kimechoka kukaa maabara. Dawa ya kuzitia protini rangi iliisha zamani, na bila rangi hiyo hakuna anayejua uvimbe ni wa aina gani wala utibiwe kwa dawa ipi.

"Basi nikaona nije niseme mwenyewe. Protini ya kupokea homoni ninayo, tele. Ile ya kunifanya nikue mbio mbio sina. Vidonge vya kuzuia homoni vinaniweza kabisa. Ukivipata mapema, utazeeka mpaka uwachoshe watu."

"Ameshatuchosha," wifi akasema.

Mwalimu alifurahi mpaka akaona haya. Shuleni hakuwahi kufaulu sayansi hata kwa bahati mbaya, na leo mwili wake umepata majibu mazuri bila yeye kufungua daftari.

Wakaenda hospitali, wifi akiendesha kwa mwendo wa bibi harusi. Daktari alikivutia kipande kiti, akakisikiliza hadi mwisho bila kukikatiza, jambo ambalo mwalimu hakuwahi kufanyiwa pale.

"Ninaamini kila neno," daktari akasema. "Ila vidonge siwezi kuandika. Majibu lazima yatoke maabara, na rangi haijafika."

"Lakini mwenyewe si huyu hapa, daktari?"

"Huyu ni damu yako, dada. Ndugu hatoi ushahidi."

Akamwambia aulizie mwezi ujao, kama alivyomwambia mwezi uliopita. Mwalimu akasema asante. Alipofika mlangoni akasema asante tena, yeye anayewagombeza madereva wa malori katikati ya barabara. Alijicheka hadi kwenye maegesho.

Walipokuwa njiani aliuliza kama kipande kinaweza kusubiri.

"Mimi? Mimi niko kwenye nta, nasubiri hata miaka hamsini," kikajibu. "Wale niliowaacha ndani yako ndio hawana subira."

Mwalimu aliogopa, akaogopa hasa. Wifi akaanza kulia huku ameshika usukani, gari likaanza kuufuata mtaro.

"Taratibu, wifi yangu," mwalimu akasema. "Washa indiketa, sogea pembeni, simamisha gari, ndipo ulie."

Wifi akasogea pembeni, ila badala ya indiketa aliwasha waipa. Zikawa zinafuta kioo kikavu, na hakuna aliyezizima.