Mikono Miwili ya Nyuzini

Nyuzini ni mji wa bandari uliofukizwa moshi wa viwanda vya nguo hata ndege wake wakawa weusi, na ukiwauliza watawala wake umetajirika lini, watakwambia tangu walipozaliwa wao. Uongo mtupu. Zilianza meli kushusha marobota ya nyuzi, kila ua ukawa na kitanda cha kufumia nguo, ndipo akazuka liwali wa kwanza, pande la mtu, akaamuru nguo zote zipimwe kwa dhiraa ya mkono wake, toka kiwiko hadi ncha ya kidole.

Mjukuu wake, Liwali Shaibu, alijaliwa vijikono vifupi na tumbo la watu watatu. Basi wafumaji wakawa wanapimiwa kwa mkono wa babu, uliochongwa kwa mpingo, na manahodha wakiuziwa nguo zile zile wanapimiwa kwa mkono wa mjukuu. Tofauti hiyo ndiyo iliyojenga kasri na viwanda. Kutamka kwamba mikono ni miwili kulikuwa kosa la jela.

Ikakaribia Siku ya Bandari, ambapo liwali, bila vazi jingine mwilini, huzungushiwa shuka ya utawala, kipande kimoja kisichoguswa na sindano. Bi Somoe, mfumaji mjane, akaamriwa na karani wa liwali kufuma dhiraa tisa, la sivyo kitanda alichorithi kwa mamake kitakuwa kuni za kiwandani. Kitanda hicho ndicho kilichowalisha wanawe. Nyuzi alizoletewa hazikufika hata sita za babu. Aliogopa, lakini hasira ilimzidi.

"Dhiraa za mkono gani, bwana karani?"

"Za liwali. Kwani kuna liwali mwingine, mama?"

"Hakuna. Nimesikia."

Siku ikafika. Mbele ya manahodha wote, shuka ilizungushwa mara moja, na mara ya pili ikaishia kitovuni, isipate pa kufungwa. Liwali alizidaka ncha zake kwa mikono yote miwili.

"Wewe mama, nguo hii imepunguka."

"Haijapunguka, mheshimiwa. Ni tisa zako kamili. Nyoosha mkono tuipime."

Manahodha, walionung'unikia vipimo vifupi miaka nenda miaka rudi, wakasogea. Mmoja alichomoa utepe wa kupimia mfukoni.

"Nyoosha tu, mheshimiwa," alisema. "Tunangoja."

Askari walimkodolea macho bwana wao wapate amri ya kumkamata mjane. Lakini Nyuzini amri hutolewa kwa kunyoosha mkono. Jua lilipanda, liwali kajikunyata vile vile, ncha za shuka mikononi, jasho likimtiririka, na Somoe hakuondoka.