Rafiki wa Marehemu

Onchiri alikuwa na siri ya Ijumaa. Wateja wake pale Migori, waliozoea kununua mbegu na mbolea dukani kwake, walijua kwamba siku hiyo anafunga asubuhi, na kwa kuwa ni Msabato walidhani anajiandaa mapema kwa Sabato. Wangejua! Mzee mzima wa miaka hamsini na mbili, shemasi wa kanisa, alikuwa anakwenda kulia kwenye matanga ya watu asiowajua.

Mkewe Rael alikuwa amefariki miezi saba iliyopita. Siku ya mazishi, kule kwao Nyamira, Onchiri hakudondosha hata chozi. Alishinda akikimbizana na watu wa hema na viti, akigombana na fundi wa jenereta, na waombolezaji wakamsifu kwamba ni mwanamume kweli. Baadaye alipotaka kulia, machozi yakakataa. Kisha siku moja alikwenda Ndhiwa kumzika mteja wake, na jeneza lilipokuwa likishushwa akalia kama mtoto. Hakuna aliyemshangaa. Alirudi Migori akiwa mwepesi. Ijumaa iliyofuata akasikiliza matangazo ya vifo redioni, akachagua.

Ndiyo, alichagua. Alipenda matanga yenye watu wengi, mbali na Migori, ambako hakuna wa kumuuliza maswali. Alikaa nyuma, akalia, akala wali na nyama, akaondoka. Kila aliporudi alijiona mwizi, akaapa hatarudia tena, na Ijumaa ikifika kiapo chenyewe hakionekani.

Safari hii alikuwa Kendu Bay, kwa marehemu Dolphine, mama wa miaka arobaini na mmoja aliyekuwa akiuza samaki na kupeleka mzigo wake hadi Migori. Mumewe Boaz alikuwa ameketi mbele kwenye kiti cha plastiki, binti yao Mourine ubavuni pake. Onchiri alianza kulia mapema mno. Hotuba hazijaanza, yeye tayari analia kwa sauti, na mwendesha shughuli akamwona.

"Huyu mzee analia tangu asubuhi," akasema kwenye kipaza sauti, kwa Kiswahili, maana mgeni alionekana si mtu wa pale. "Jamani, hebu tumpatie nafasi. Rafiki ya marehemu, kuja hapa mbele utuambie kidogo."

Onchiri akatikisa kichwa. Wanawake wawili wakamshika mikono kwa huruma, wakampeleka. Akajikuta amesimama kando ya jeneza, umati mzima ukimtazama, na kichwani mwake hakuna chochote kuhusu Dolphine isipokuwa jina.

Hapo mtu mwenye akili zake angetoa pole akaketi. Yeye akaanza kusifu. "Alikuwa mama mzuri," akasema. Watu wakaitikia. "Alikuwa anaimba akipika." Wakaitikia tena. Akafumba macho, akamwona Rael, na tangu hapo ulimi haukushikika. "Chai bila tangawizi alikuwa anaita maji ya kunawa. Akikasirika haongei, anafagia. Na usiku, hata kukuwe na baridi namna gani, lazima mguu moja itoke nje ya blanketi."

Watu wakageukiana.

Alipofumbua macho, Boaz alikuwa amesimama.

"Wewe ni nani?"

"Onchiri."

"Onchiri wa wapi?"

"Migori."

"Na mguu ya bibi yangu, uliiona wapi?"

Minong'ono ikapanda. Mama mmoja mzee akasema kwa Kijaluo maneno ambayo Onchiri aliyaelewa vizuri kuliko alivyotaka, kwamba leo ndiyo wamejua zile safari za Migori zilikuwa za samaki gani. Vijana wakaanza kusogea. Mourine akavuta sweta lake la shule, akafunika uso.

Barabara haikuwa mbali, na bodaboda zilikuwa zimejipanga. Nikisema Onchiri hakuipima ile njia kwa macho nitakuwa mwongo. Angekimbia, na angepona. Dolphine ndiye asingepona. Angezikwa na jina la mwanamke mwenye bwana Migori, na binti yake angeishi nalo pale kijijini maisha yake yote.

Akarudisha kipaza sauti mdomoni.

"Simjui," akasema. "Sijawahi kumwona huyu mama hata siku moja. Jina yake nimesikia kwa redio. Huyo nimesema ni bibi yangu mimi, Rael. Alikufa mwezi wa kwanza na sikumlilia. Sasa natembea kwa matanga ya watu ndio nilie. Hii ni ya kumi na nne. Mtu akiniuliza, nasema nilikuwa rafiki ya marehemu. Huyu mama hana makosa. Makosa ni yangu."

Upande wa vijana mtu akacheka, kisha wa pili. "Kumbe amefuata wali!" mmoja akapaza sauti. Simu zilikuwa zimeinuliwa juu zikirekodi, na Onchiri alijua kwamba kabla jua halijatua kanisa lake zima litakuwa limemtazama. Masikio yalimwaka moto. Akarudisha kipaza sauti, akashika njia kichwa kikiwa chini.

Boaz alimfikia karibu na lango. Onchiri akangoja kofi, na moyoni aliona ni haki yake.

"Ni miezi ngapi sasa?" Boaz akauliza.

"Saba."

"Na watu wakishaenda, omera, ndugu yangu, inakuwaje?"

Jibu la kishemasi alikuwa nalo. Mungu atakutia nguvu, ndugu, jikaze. Alikuwa amelitoa katika nyumba nyingi. Leo aliona haya kulitamka.

"Sijui," akasema. "Tangu tumzike sijalala kwangu. Nalala kwa duka, juu ya magunia ya mbolea. Kanisani nawaambia niko sawa. Watoto nawaambia niko sawa. Ile kitanda naiogopa."

Hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote, na lilimtia aibu kuliko yale aliyoyasema mbele ya umati.

Boaz akaitazama nyumba yake, wanawake wakiingia na kutoka na masufuria. "Mimi pia naiogopa," akasema polepole.

Nyuma yao Boaz alikuwa akiitwa. Wachukuzi wa jeneza walikuwa wamesimama tayari. Boaz akatoa simu mfukoni. "Nipatie namba yako. Leo wewe ulale kwako, na mimi nilale kwangu. Asubuhi tupigiane."

Onchiri akaitaja namba yake, akaikosea mara mbili. "Na tukishindwa?"

"Tutaambiana tumeshindwa," Boaz akasema, akageuka kwenda kumzika mkewe. Alipofika katikati ya uwanja akasimama, akamngoja Onchiri.