Kofia Nyekundu ya Mjane Hilligje

Kila kiangazi Bwana Van Houtum alitoka Amsterdam kuja kijiji cha Veldrik kuchora watu wa shamba, na alichokiona alikitaka: majagi, viatu vya mbao, hata kofia za marehemu. Alikuwa na sanduku zima la nguo za wanakijiji, na alijiona anawajua kuliko wanavyojijua wenyewe. Haya!

Safari hii alimtaka Hilligje, mjane. Ila kofia yake nyeusi ya msiba haikumpendeza.

"Mama, hiyo inatia huzuni. Vaa hii." Akamtolea sandukuni kofia nyekundu yenye maua.

Hilligje akaitazama mara mbili. Veldrik nzima, kofia ile huvaliwa na mwanamke aliyekwisha kuposwa tu. Alitaka kumwambia Bwana wa watu. Kisha akamkumbuka Berend, jirani yake, ambaye mwaka wa sita huu huja kila Jumapili, anakunywa kahawa, anasifu nguruwe wake, anaaga. Nguruwe, jamani! Hilligje alimpenda Berend mpaka akachoka, lakini mwanamke hajiposi.

"Nikae wapi, Bwana?"

"Popote penye mwanga."

Akavua nyeusi, akavaa nyekundu, akavuta kiti mpaka dirishani, upande wa barabara.

Aaltje muuza maziwa akapita, akamwona, akageuka na ndoo zake mbio. Bwana hajamaliza hata shingo, Berend huyo ndani, na viatu vya mbao miguuni, juu ya sakafu iliyopigwa deki asubuhi.

"Nani?" akafoka. "Nani kakuposa?"

"Unauliza kama nani, wewe?"

"Kama mimi! Miaka yote hii nangoja uvue nyeusi, Hilligje! Desturi ni miaka miwili, wewe sita! Nikasema bado anamlilia marehemu, nitafunguaje mdomo?"

Hilligje akainuka kitini. Nyeusi hakuivua kwa sababu ya huyu huyu. Mjane akiivua kabla hajapata mposaji, kijiji kizima humcheka kwamba anatafuta mume.

"Na mimi nilikuwa nangoja unipose ndipo niivue, bwege wewe!" akasema, machozi yakimbubujika. Alikuwa na furaha, na alikuwa na hasira ya kumpiga mtu.

"Mama, usisogee!" Bwana Van Houtum akalalamika. "Uso umeharibika wote. Mimi nilikuwa nachora msichana!"

"Huyo umechelewa, Bwana," Hilligje akasema. "Alikuwa hapa miaka minne iliyopita, msiba ulipokwisha."