Renatus Asimama kwenye Kayaki

Mtihani wenyewe ulikuwa mmoja tu: pinduka na kayaki kwenye maji ya Ziwa Tlawi, si mbali na ufuko, kisha urudi ndani mwenyewe, bila kushikwa mkono. Majaribio matatu, basi. Akifaulu, Renatus Akonaay anaajiriwa kuongoza wageni ziwani. Akishindwa, anarudi kwenye vitunguu saumu vya mjomba, na Mzee Margwe ameshatamka kwamba binti yake Fransiska haolewi na mtu asiye na kazi. Hapo nani asingetetemeka?

Na kayaki yenyewe, huo mtumbwi wa kizungu, jamani! Ndefu, nyembamba, na tundu la kukalia dogo utadhani fundi alimpimia mtoto. Judith, mwalimu kutoka Arusha, alikuwa amemwelekeza vizuri: lala kifudifudi nyuma ya tundu, ipande kama unavyopanda punda, jivute mbele, ingiza miguu yote miwili ikiwa imenyooka, ndipo uteremshe makalio.

"Na usisimame," alisema Judith. "Litokee lolote, usisimame."

Jaribio la kwanza Renatus alipanda safi kabisa. Anaingiza miguu tu, mara akamwona Mzee Margwe akishuka ufukweni na fimbo yake. Weee! Renatus kalelewa na bibi aliyekuwa akimchapa kila alipomsalimia mkubwa akiwa amekaa. Miguu haikuomba ruhusa.

"Shikamoo ba—"

Chubwi!

Jaribio la pili alijiapiza kutotazama ufukweni. Akapanda, akajivuta. Lakini mzee wa watu aliingiwa na huruma, akapaza sauti: "Kijana, hujaumia?" Sasa baba mkwe akuulize hali, umjibu umekaa kama chifu? Alisimama. Chubwi tena!

Judith, kwenye mtumbwi wake pembeni, alishika kichwa. "Baba," alimwambia mzee, "huyu kila akikuona anazama. Na amebakiza mara moja tu."

Mzee Margwe alimtazama Renatus, meno ya kijana yakigongana kwa baridi. Akageuka, akapanda kilima, akajibanza nyuma ya punda aliyekuwa akila majani. Kofia ilionekana, miguu ilionekana, lakini mzee akapiga kelele: "Mimi sijafika bado!"

Renatus akalala kifudifudi. Akapanda. Akajivuta. Miguu ikaingia, makalio yakashuka taratibu, nyiiii, yakabana. Yumo! Judith akapiga makofi hadi kasia lake likamponyoka. Renatus alifurahi mpaka machozi yakamtoka, bahati alikuwa ameshalowa.

Alipofika ukingoni, mzee alikuwa akimsubiri. "Sasa nimefika," alisema.

Renatus akainuka haraka. Kayaki nayo ikainuka, imemganda kiunoni. Akavuta, akajinyonganyonga huku na huku, wapi! Aibu ikamshika, akainamisha kichwa.

Mzee Margwe akaweka fimbo yake juu ya kayaki, akaikandamiza chini polepole.

"Kaa, mkwe wangu."

Renatus akakaa. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu mzee, naye akachuchumaa pale pale kwenye tope.