Majibu Yaliyofanana Mno

Selpha alikuwa amechemsha chai ya kujipongeza. Bahasha ya kaki kutoka Kajiado ilikuwa imefika, ndani yake fomu zilizojazwa na wanafunzi wa utafiti wake, na zikishasomwa hizo, kazi yake ya shahada ya uzamili ingebaki kuandikwa tu. Akaketi dirishani kwake Kitengela, malori ya simiti yakitimua vumbi kule chini, akaanza kusoma. Hakufika mbali kabla hajaweka kikombe chini.

Fomu zenyewe hazikuwa na makuu. Kila sentensi ilifuatwa na namba, kuanzia moja, nakataa kabisa, hadi tano, nakubali kabisa, na mwanafunzi alitakiwa azungushie duara namba inayosema yaliyo moyoni mwake. Selpha alitaka kujua kama wanafunzi wa uuguzi, wa utabibu na wa maabara wakifanya kazi wodi moja, mtazamo wao kuhusu kushirikiana hubadilika. Kabla hawajaenda Kajiado aliwapa fomu hizo darasani, na majibu yao yalichekesha. Wauguzi waliwaona matabibu kuwa watu wa kuringa, matabibu waliwaona wauguzi kuwa watu wa kutumwa, nao wa maabara waliwaona wote hao kuwa wasumbufu. Hata chakula walikula meza mbalimbali.

Sasa walikuwa wamemaliza muhula katika hospitali ndogo ya misheni nje ya mji wa Kajiado, na majibu yao yote yalikuwa yale yale. Selpha alichukua fomu mbili, akazishikilia kwenye mwanga wa dirisha, moja juu ya nyingine. Maduara yakafunikana. Akajaribu nyingine mbili, hivyo hivyo. Watoto hawa wamenakiliana! Akazirudisha mezani kwa hofu.

Wala hakuwa anajitia hofu ya bure. Likizo yake ya masomo ilikuwa inaisha Desemba, na mwajiri wake alikwisha kusema hakuna nyingine. Dakta Wanyoike, msimamizi wake, hakuwa mtu wa kubembelezwa. Takwimu za kunakiliwa angezirudisha bila hata kuvua miwani. Akikosa majibu ya kweli sasa, shahada imeota mbawa.

Alimpigia simu msimamizi huyo. Wanyoike aliguna, akamwambia awape wanafunzi fomu upya, kila mtu ajibu peke yake, na yote yaliyotokea ayaandike bila kuficha. Hizo zikiharibika tena, alisema, hawezi kumsaidia.

Asubuhi iliyofuata Selpha alikuwa Kajiado, amebeba fomu mpya na hasira ya kuwatosha wote. Sista Kasaine, muuguzi mkuu, alimpokea kwa "Sopa" ya Kimaasai na kikombe cha chai. Selpha aliitikia "Epa" kama inavyotakiwa, lakini chai hakuigusa. Akaomba aitiwe wanafunzi.

Ezra Lemayian, mwanafunzi wa utabibu, ndiye aliyejitoa kusema, na hakukana chochote. Fomu zilipofika, alieleza, walijiambia kwamba huu ni mtihani wa kushirikiana, basi wangeonekanaje kila mtu akijibu kivyake? Wakakusanyika jikoni kutafuta jibu sahihi. Sentensi iliyosema kwamba tabibu ndiye mwenye neno la mwisho iliwabishanisha mpaka ugali ukapoa. Purity wa uuguzi aliikataa katakata, Ezra akaishikilia kufa kupona, na Okoth wa maabara, mwenye njaa, akawapatanisha. Wote wakazungushia tatu.

"Madam, tulidhani ukiona hatujaelewana utasema tumefeli," Purity alisema, macho chini.

Selpha alikuwa amekuja kufoka, na sasa kufoka kulimshinda. Watu waliokuwa wakikwepana mezani wamekaa jikoni moja, chakula kinapoa, wanagombania sentensi zake.

"Mimi sikuuliza mmeelewana vipi," alisema. "Nataka kujua kila mtu ako na nini kwa roho yake. Mkikosana, kosaneni."

Akatenganisha viti, akagawa fomu, akasimama mlangoni mpaka wa mwisho alipomaliza. Hakuthubutu kuzitazama pale. Njia nzima alizipakata mapajani, akihofu kwamba wameyazoea majibu yao ya jikoni na wameyarudia tu, kwa adabu.

Dirishani kwake alichukua fomu mbili, moja ya uuguzi na moja ya utabibu, akaziweka pamoja kwenye mwanga. Maduara yakakataana. Akajaribu nyingine, na nyingine. Kuhusu neno la mwisho, wauguzi walikuwa wameganda kwenye moja, na matabibu wengi walikuwa tano. Walivurugana vizuri mno, na Selpha akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu jana. Afueni iliyomjia ilimtoa machozi. Sentensi moja tu waliijibu sawa, ile ya mwisho: ningependa kufanya kazi tena na wanafunzi wa taaluma nyingine. Wote walikuwa wamezungushia tano.

Fomu hazikuwa na majina. Lakini kwenye mojawapo ya zile za utabibu, kando ya sentensi iliyopoza ugali, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: "Purity bado amekosea. Ila siku nikilazwa mimi, nataka yeye ndiye awe zamuni."