Mama Funguo Auza Kwake

Mtu akitaka kuuza nyumba pale mjini aliambiwa neno moja tu: mtafute Mama Funguo. Jina lake hasa liliandikwa kwenye kibao cha ofisi, lakini hakuna aliyejisumbua kulisoma. Alikuwa dalali wa nyumba kwa miaka ishirini na sita, na tita la funguo alilofunga kiunoni lilimtangulia kwa mlio kabla hajapiga hodi. Walisema angeweza kumuuzia banda la kuku mtu asiyefuga hata njiwa. Mwenyewe alikataa sifa hiyo.

"Mimi siuzi kitu," alikuwa akisema. "Namsaidia mwenye nyumba atoke. Akishatoka yeye, nyumba hujiuza."

Na kumtoa mwenye nyumba ndiko kulikokuwa na kazi. Aliingia chumba baada ya chumba, kidole mbele: hiki kiondoke, kile kiondoke. Picha za harusi, sandukuni. Vikombe vya mashindano ya mpira, sandukuni. Kiti alichopenda marehemu babu, kiende kwa shangazi. "Mgeni akiingia ajione yeye," aliwaeleza. "Akikuona wewe, atadhani amekuja kutembea. Na aliyekuja kutembea hunywa chai akaenda zake." Watu walinuna, wengine walilia. Aliwapa kitambaa wafute machozi, na kidole kikaendelea na safari yake. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na haraka tu, na haraka ya namna hiyo mtu huwa nayo kwa vitu vya wenzake.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti. Alikuwa, kwa sababu alishastaafu. Kwa miaka thelathini na moja aliwapandisha watu ghorofani, na sasa ngazi kumi na nne za nyumbani kwake zilikuwa zimemshinda. Magoti yalikwisha. Daktari aliyatazama, akayabonyeza, akayakunja, kisha akasema kwa upole, "Mzee, tafuteni nyumba ya chini."

Kitanda chao kilikuwa juu. Fundi alilala sebuleni kwenye kochi refu, na usiku wa tatu Mama Funguo akashuka na mto wake, akajikunja kwenye kochi fupi.

"Umefuata nini huku?" Fundi akamuuliza.

"Juu kuna baridi."

Ulikuwa mwezi wa joto, watu wanalala madirisha wazi. Fundi akamrushia nusu ya shuka.

Wakaishi hivyo miezi minane. Ndipo ikapatikana nyumba ya chini, vyumba viwili na ua mdogo, mtaa mmoja na binti yao ambaye alikuwa mwalimu wa chekechea. Aliyeipata ni Mama Funguo mwenyewe, nani mwingine? Kilichobaki kilikuwa kuiuza hii.

"Wiki tatu," alimwambia mumewe. "Wiki tatu nyingi."

Jumatatu saa moja asubuhi alikuwa amesimama katikati ya sebule yake na maboksi, kidole tayari.

"Mke wangu," Fundi akasema, "mbona kidole kinanitazama mimi?"

"Kinatazama kochi."

"Na mimi niko juu yake."

"Basi sogea."

Kufikia Alhamisi kuta zilikuwa nyeupe, picha zimeshuka, mapazia mazito yametoka na mepesi yameingia. Kazi nzuri, asingeweza kujisema vibaya. Lakini ile jioni, aliporudi kutoka ofisini na kufungua mlango, alisimama pale kizingitini akiwa na kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, akisubiri mwenye nyumba aje amkaribishe.

Mteja wa kwanza alikuwa daktari wa meno. Alikuja na futi ya kupimia, akawa anagonga kuta kama anayetafuta jino bovu. "Huu tutauvunja," akasema, "jikoni na sebule viwe kitu kimoja."

"Huo ndio umeshika paa," Mama Funguo akamjibu bila kupepesa.

Uongo mtupu. Ukuta ule haukuwa umeshika kitu isipokuwa saa, na saa yenyewe ilikuwa imeshaondolewa.

Wa pili walikuwa wachumba, wamekaribia kuoana, wameshikana mikono kana kwamba mmoja angepotelea chumbani. Waliipenda nyumba. Binti yule alikuwa anasema "hapa tutaweka" na "pale tutaweka" kila baada ya hatua mbili. Mama Funguo akawapeleka dirishani, akashusha sauti. "Niwe mkweli kwenu, wanangu. Mbwa wa jirani habweki mchana."

Wa tatu, karani mmoja mpole, alipiga kengele mara nne. Mama Funguo alikuwa jikoni, birika mkononi, anaisikia. Fundi ndiye aliyejikongoja mpaka mlangoni, na alipofika karani alikuwa ameshakata kona.

Siku ile Fundi akamwita akae.

"Mbwa gani?"

"Mbwa yupi?"

"Uliyewaambia wale wachumba. Nimekaa hapa kwenye kochi, masikio yangu hayana ugonjwa. Mbwa wa jirani amekufa huu mwaka wa nne. Tulimpa jirani pole."

Mama Funguo akachezea funguo zake. "Wale watoto wasingedumu. Nyumba hii inataka watu wa kudumu."

"Na daktari?"

"Alikuwa na futi."

"Dalali wangu," Fundi akasema, naye alimwita hivyo pale tu alipokuwa anampenda na anamkaripia kwa wakati mmoja, "wewe huuzi. Unafukuza."

Jumamosi binti yao akaja, akaelezwa yote, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaona mama yake hacheki, akanyamaza.

"Mama, mteja wako angekufanyia hivi, ungemwambiaje?"

"Ningemwambia aniachie ufunguo, aende kwa dada yake."

"Haya."

"Haya nini? Nimwachie nani? Dalali ni mimi."

"Kinyozi hajinyoi, mama. Na akijinyoa hujikata."

Mama Funguo akaugeukia ukuta mweupe. Hatimaye akasema, kama anayetoa jiwe mdomoni, "Nitamwita Tai."

Fundi na binti yake wakatazamana. Tai alikuwa dalali wa upande wa pili wa mji, na kwa miaka ishirini wawili hawa walikuwa wamenyang'anyana nyumba kama mafahali wa zizi moja. Wengi walidhani jina lake lilitokana na tai aliyoifunga shingoni hata Jumapili. Mama Funguo ndiye aliyeeneza kwamba sivyo. Ni kwa vile alivyozunguka juu ya nyumba ya mgonjwa kabla mgonjwa hajakata roho.

Tai alikuja Jumatatu, mrefu, mkimya, viatu vinang'aa. Alipita chumba baada ya chumba mikono nyuma. Mama Funguo alimfuata hatua kwa hatua, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akajua miguu ya mwenye nyumba huwa mizito namna gani nyuma ya dalali.

"Umeiandaa vizuri," Tai akasema. "Sijawahi kuona iliyoandaliwa hivi. Ila ina harufu."

"Harufu?" Sauti ikampanda. "Nyumba yangu?"

"Ya dawa ya kuchua."

Fundi kwenye kochi akainua mkono. "Ni mimi. Ni magoti."

Mama Funguo akavuta pumzi kwa nguvu, akavuta tena. Hakusikia kitu. Aliwaambia watu maelfu kwamba nyumba zao zina harufu ambayo wenyewe hawaisikii, na wote walimbishia, na yeye aliwacheka akiwa njiani kurudi ofisini. Akakaa chini.

"Sasa nieleze nyumba," Tai akasema.

"Ni ya ghorofa moja, vyumba vitatu vya kulala, bafu mbili, imepakwa..."

"Hayo nimeyaona. Nieleze nyumba."

Akataka kumjibu jeuri, jeuri haikuja. Akaanza polepole. Kwamba jua huingia kwanza jikoni, likapita sinki, likakaa mezani mpaka saa nne. Kwamba dirisha la chumbani juu hukwama ikinyesha, ukilivuta litakushinda, lisukume kwanza kwa kiganja hapa chini, ndipo litakusikia. Kwamba ngazi ya tisa hulia, na Fundi alitaka kuitengeneza, yeye akamkataza, kwa sababu ndiyo iliyowaambia binti yao amerudi saa ngapi siku zile alipokuwa na miaka kumi na saba. Kwamba sebuleni hapa Fundi alimfundisha mtoto baiskeli, maana nje kulikuwa na tope, na kabati la vyombo likalipa gharama. Aliongea saa nzima. Tai hakuandika hata neno. Alilegeza tai yake kidogo, jambo ambalo hakuna mtu mjini aliyewahi kuliona.

"Nilipouza nyumba ya mama yangu," Tai akasema, "niliuza mwenyewe. Nilitaka yaishe. Nikampa wa kwanza aliyebisha hodi. Mpaka leo sipiti mtaa ule, nazunguka."

"Sikujua," Mama Funguo akasema.

"Ungejuaje? Ungenicheka."

"Ningekucheka," akakiri, na wote wawili wakatabasamu, kila mmoja upande wake.

Siku ya kuonyesha, Tai aliwaamuru watoke, kama inavyotakiwa. Wakatoka. Wakaingia kwenye gari la binti yao, Mama Funguo akaliendesha mpaka ng'ambo ya barabara, wakasimama.

"Mwenye nyumba anatakiwa awe mbali," Mama Funguo akanong'ona. Ilikuwa sheria yake mwenyewe.

"Hapa ni mbali," Fundi akasema. "Kwa mtu mwenye magoti yangu hapa ni nchi nyingine."

Waliokuja walikuwa mama mkunga na mumewe dereva wa lori, na watoto watatu, wa kiume mmoja na wasichana wawili. Mlango ukawameza. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha, kwa kuwa madirisha yalikuwa wazi, ikaja sauti ya miguu ngazini: midogo, mingi, inapanda mbio, inashuka mbio, inapanda tena. Fundi akainamisha kichwa kusikiliza, kama alivyokuwa akisikiliza mtambo wa lifti.

"Mara ya tano," akasema. "Sikiliza, ya sita. Hawachoki hawa." Na uso wake haukuwa na uchungu hata chembe, alikuwa anacheka peke yake.

Usiku wa jana yake mvua ilikuwa imenyesha. Mama mkunga akatokea dirishani kwa juu. Akashika komeo, akavuta, dirisha likagoma. Mama Funguo akashika mkono wa shati la mumewe. Mwanamke yule akageuka kidogo kama anayeambiwa jambo na mtu aliye nyuma yake, akaweka kiganja pale chini, akasukuma. Dirisha likafunguka. Akatoa kichwa nje, akatazama mtaa kulia na kushoto, akajifuta jasho shingoni kama mtu aliyefika kwake.

"Amejuaje?" Mama Funguo akauliza, ingawa alijua.

"Tai amemwambia."

"Dalali haonyeshi kasoro. Mimi nisingemwambia."

"Ndiyo maana umemwita yeye."

Hapo machozi yakamtoka. Akapapasa pochi, yeye aliyegawa vitambaa mji mzima, hakuwa nacho hata kimoja. Fundi akampa leso yake. Ilinuka dawa ya kuchua, na safari hii aliisikia.

Baada ya muda Tai akavuka barabara moja kwa moja mpaka kwenye gari, akagonga kioo. Wala hakujifanya kushangaa.

"Mume anauliza kama ngazi ile inaweza kutengenezwa."

"Umemjibuje?" Mama Funguo akauliza.

"Nimemwambia ana mabinti wawili. Asiwe na haraka."

Fundi alicheka mpaka akagonga mlango wa gari. Mama Funguo alicheka na machozi yake hayohayo. Kisha akafungua tita lake kiunoni, akatafuta ufunguo mmoja kati ya funguo zote zile za watu, akauchomoa. Ulichukua muda; pete ilikuwa ngumu na kucha zake fupi.

"Wape hao," akasema.

Kuhama kulichukua siku mbili na kelele nyingi. Asubuhi ya kwanza kwenye nyumba mpya Mama Funguo aliamka, akamkosa mumewe. Akaita, kimya. Akachungulia bafuni, hayupo. Akatoka na kanga ya kulalia mpaka uani, akamwona ng'ambo kwenye duka la kona, amesimama na bakora yake, anabishana na mwenye duka kuhusu mpira, mkate kwapani. Kule, kwa vile vidato vya mlangoni, miezi minane hakuwa ametoka nje bila kushikwa mkono.

"Umetokaje?" akamuuliza alipofika.

Fundi akageuka, akaonyesha nyuma kwa bakora. "Mlango uko pale. Nikatoka."

Wakarudi pamoja, polepole, mkate bado kwapani mwa Fundi. Mama Funguo akaweka maji ya chai. Akaitazama sakafu, akatazama dirisha dogo, akatazama rangi ya kuta, ya maziwa yaliyokaa sana. Kidole kilikuwa kimeanza kunyanyuka.

"Dalali wangu," Fundi akasema kutoka mezani, "njoo unywe chai."

Akaenda akaketi, akamega mkate.