Diski Isiyouliza

Komora, fundi wa kompyuta, hapendi maswali. Ndiyo maana alijitengenezea diski yake ya kuweka Windows: akakata kila kisichomfaa, akaongeza programu zinazopendwa na watu wa Garsen, kisha akaiagiza isimuulize mtu chochote. Stima hapa huondoka bila kuaga, alisema, na diski inayongoja kujibiwa itakatikiwa njiani. Mimi niliyekuwa na mashine ya fotokopi kwenye kibanda chake nilimwambia huo ni uvivu tu. Alicheka.

Asubuhi moja mzee Danson alikuja kutoka kijiji cha Hewani na laptopu ya marehemu binti yake, Rachael. Ilikuwa ikiwaka, inafika kwenye nembo, inazima. Ndani yake mlikuwa na rekodi ya Rachael akimwimbia baba yake, anakosea, anacheka, anaanza upya. Sauti yake haikuwa imebaki mahali pengine popote.

"Aliiweka kule D," mzee alisema. "Alinambia fundi huosha C peke yake. Ya D hayaguswi."

"Usijali, mzee. D siigusi," Komora alisema.

Hakusema uongo. Windows hukaa sehemu ya C ya hifadhi, hivyo Garsen nzima tunaweka vitu vya thamani sehemu ya D, na kwa sababu hiyo hakuna anayehangaika kunakili kwanza.

Diski ikaanza vizuri, halafu ikagoma: haikupata mahali ilipoagizwa kuweka mfumo. Komora akaipangusa kwa shati, akarudia. Ikagoma pale pale. Akachoma nyingine, wapi. Taa zikapepesa na betri ya laptopu ilikuwa imekufa zamani, akaanza kutukana chinichini.

Mwishowe akaligundua kosa. Laptopu hii iligawanywa tofauti na ile aliyoijaribia diski yake. Akafungua faili la maagizo, akaandika mstari mmoja: futa migawanyo yote, gawa upya. Alikuwa akiitibu diski tu. D ilishamtoka akilini. Diski ya kawaida ingemuuliza kama ana hakika. Yake ilinyamaza, ikafanya kazi.

Laptopu ikawaka, inang'aa. Mzee Danson akapiga makofi. "Sasa nifungulie D, mwanangu."

D ilikuwa tupu.

Komora akaweka programu ya kufufua mafaili, na mimi nikaacha wateja wangu wangoje. Nilimchukia siku ile, na nilimwonea huruma vilevile. Baada ya muda jina likajitokeza: "Rachael na Baba". Akalibonyeza. Sekunde zikaanza kutembea kwenye kioo, na hakuna kilichosikika. Mfumo mpya ulikuwa umeandikwa juu ya sauti ile.

Nilingoja Komora amwambie. Akaniangalia mimi, eti niseme mimi.

Mzee alikuwa ameshavua kofia, ameinama, sikio karibu na mashine, anatabasamu.

"Ongeza sauti, mwanangu," alisema. "Masikio yangu haya yamechoka."